Eneo finyu: mahali ambapo mtu haingii bila kibali

Neno "finyu" linapoteza watu. Ukilisikia unawaza mtaro wa kujipenyeza kwa ubavu, kumbe tangi la mafuta linaloweza kumeza malori mawili nalo ni eneo finyu. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1993 inaangalia mambo matatu kwa pamoja: mtu anaweza kuingia mwili mzima akafanya kazi, kuingia na kutoka kuna taabu, na mahali penyewe hapakujengwa ili watu wakae. Kisima, karo la choo, chemba ya maji taka, silo ya nafaka, boila, tangi la maji la chini ya ardhi, yote yamo.

Kinachoua humo mara nyingi ni hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5, kanuni hiyo inaihesabu kuwa ya hatari. Na haihitaji sumu ili ishuke. Tangi la chuma lililofungwa miezi kadhaa likishika kutu, ile kutu yenyewe inakula oksijeni. Kwenye karo, uozo hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza. Ikifikia kama sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi, na aliye ndani hudhani harufu imekwisha.

Mafundi visima wengi huteremsha kibatari kwanza, kikizimika, hawaingii. Sio upuuzi. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni ikikaribia asilimia 16. Ila hapo hatari ilishaanza zamani, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, mwali hauioni kabisa, na kukiwa na methani, kibatari ndicho kitakacholipua. Kipima gesi kinatangulia kwa kamba, kikipima juu, kati na chini, kwa kuwa methani ni nyepesi na haidrojeni salfaidi hulala chini.

Kuna kosa moja la visimani ambalo hata fundi mzoefu hulifanya. Pampu iliyokaa juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, kwa hiyo ile ya petroli inateremshwa humo humo, inawashwa, na moshi wake unakosa pa kwenda. Asubuhi hewa ilikuwa safi, kufika saa nne imejaa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana hewa hupimwa muda wote mtu akiwa ndani, feni ikisukuma hewa safi hadi chini. Pampu ya kutumika humo ni ya umeme, ile ya kuzamishwa majini.

Kibali ni karatasi inayosema nani anaingia, kufanya nini, hewa imesoma ngapi na saa ngapi, na nani yuko nje. Mabomba yanayoleta kitu ndani yameshafungwa. Swichi ya mashine imetiwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa anayeingia. Kwangu mimi, swali zito kuliko yote ni la mwisho: akianguka, mtamtoaje? "Tutaita zimamoto" si jibu. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika kama 4, kwa hiyo mkanda wa mwili mzima unavaliwa kabla ya kushuka, kamba ikiwa tayari kwenye winchi iliyosimamishwa kwa miguu mitatu juu ya shimo.

Halafu kuna mtu wa nje, mwenye kazi ngumu kuliko anavyoonekana. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo haya walikuwa wameingia kuokoa wenzao. Ni kaka amemfuata kaka, kibarua amemfuata fundi. Aliyeko chini amelala, unamwona, unadhani ni suala la kumbeba tu. Hewa iliyomwangusha bado iko pale pale. Mtu wa nje anapiga kelele, anazungusha winchi, na miguu yake inabaki juu.