Ruzizi: Mto Unaoanzia Bukavu, na Mambo Tunayousingizia

Asubuhi moja nilisimama karibu na daraja la Ruzizi ya Kwanza, hapa Bukavu mashariki ya Kongo, na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa. Foleni ya wamama wenye mabeseni kichwani ilikuwa inasogea kidogo kidogo kuelekea upande wa Rwanda, kila mmoja na jeton yake mkononi, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka. Mtoto akachungulia maji, akauliza: "Mjomba, huu mto unatoka wapi?" Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja aliyekuwa anasukuma pikipiki akamjibu bila kusita: "Unatoka Uvira, kule Tanganyika, unakuja kumwaga humu ziwa Kivu."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wazima waliozaliwa Nguba na Panzi, mitaa ya hapa hapa mjini, wanaovuka mto huu kila wiki. Ndiyo maana naandika.

"Ruzizi unatoka Tanganyika"

Ni kinyume. Ruzizi unaanzia hapa hapa Bukavu, na ndio mlango pekee ambao maji ya ziwa Kivu yanatokea. Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika liko karibu mita 770. Maji hayapandi mlima wa mita 700. Yanateremka kwa fujo katika makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola, kisha yanatulia na kujipinda-pinda katika bonde pana mpaka karibu na Uvira na Bujumbura.

Kosa la kijana yule lina historia ndefu, na waliolikosea kabla yake walikuwa watu wenye majina makubwa. Mwaka 1858 Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, walifika Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, wakitafuta chanzo cha Nile. Walitamani sana kusikia kwamba Ruzizi unatoka Tanganyika kwenda kaskazini, kwa sababu hapo Nile ingekuwa imepatikana. Wenyeji wakawaambia wazi: mto unaingia ziwani. Burton alikubali, halafu miaka michache baadaye akageuka na kutetea kwamba unatoka. Ubishi ulidumu Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa na kujionea maji yanaingia. Inaniuma kidogo kila nikiikumbuka habari hii: jibu lilikuwa limeshatolewa miaka 13 kabla, na watu waliokuwa wakiuchota mto huo kila siku.

Lakini kuna jambo ambalo hata Burton hakulijua. Zamani sana, maji ya eneo la Kivu yalikwenda kweli kaskazini, kuelekea ziwa Edward na Nile, ila hayakupitia Ruzizi. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia hiyo. Maji yakajaa na kupanda, mpaka yalipopata upenyo upande wa kusini, hapa Bukavu, yapata miaka elfu kumi na kitu iliyopita. Kwa umri wa mito, Ruzizi ni mtoto. Leo maji yake yanaingia Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanafuata Lualaba, na mwisho yanapita mbele ya Kinshasa kwenda Atlantiki.

"Sambaza walipanda mto kutoka Uvira"

Hili la sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, aliniambia mama mmoja anayeuza samaki soko la Nyawera, huku akinipimia. "Mwanangu, hawa ni ndagala, dagaa wa Uvira, walipanda na Ruzizi zamani." Nusu ya maneno yake ni kweli. Sambaza wetu kweli asili yake ni Tanganyika, lakini hawakupanda. Walichukuliwa wakiwa wadogo na kumwagwa Kivu kati ya 1958 na 1960, enzi za Wabelgiji, ili ziwa lipate samaki wa kuvua kwa wingi katikati ya maji. Aina mbili zililetwa, moja tu ikashika.

Kupanda hawangeweza, kwa sababu ya maporomoko yale yale ya makorongo. Ndiyo yaliyofanya maziwa haya mawili, yaliyounganishwa na mto mmoja, yawe na viumbe tofauti kabisa: Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya cichlidi peke yao, Kivu halifikishi aina 30 za samaki wote. Nilipomweleza mama yule, alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Basi bibi yangu alikuwa anakula nini?" Swali zuri. Bibi yake alikula samaki wengine wa Kivu, wale wa kando kando, pengine bila kuijua kabisa sambaza.

"Mto huu ni mpaka tangu enzi za mababu"

Mpaka huu ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, baada ya miaka mingi ya Wajerumani na Dola ya Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kugombania Kivu na Ruzizi. Kabla ya hapo watu wa Bushi, wa Buhavu na wa Kinyaga, ng'ambo ile ya Rwanda, waliuziana na kuoana. Katika biashara ya ziwa hili bangili za nyuzi zilizoitwa butega zilizunguka kama pesa. Mto ulikuwa kitu cha kuvuka.

Hata leo mpaka na mto havifuatani kila mahali jinsi watu wanavyodhani. Ukitoka Bujumbura kuja Uvira, unavuka tawi kubwa la Ruzizi kwa daraja, unapita Gatumba, na bado uko Burundi. Mpaka unaukuta mbele zaidi, kabla ya Kavimvira, upande wa Kongo.

Daraja la hapa kwetu nalo halijawahi kuwa la biashara tu. Mwaka 1994, Julai na Agosti, lilipitisha maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, wakiwa wamebeba magodoro, sufuria na watoto. Wazee wa Bukavu waliowapokea bado wanalitazama daraja kwa jicho tofauti na letu.

"Ruzizi ya Pili ni daraja, na ni bwawa lile lile"

Hapana, jina moja linabeba vitu viwili. Kuna vituo vya mpaka, Ruzizi ya Kwanza na Ruzizi ya Pili, na kuna mabwawa ya umeme yenye majina hayo hayo. Bwawa la kwanza, la mwishoni mwa miaka ya 1950, liko Mururu, kilomita kama tatu tu kutoka ziwani. La pili, la mwaka 1989, liko chini zaidi, mbali na daraja lenye jina lake, nalo ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. La kwanza lina uwezo wa karibu megawati 30, la pili karibu 44.

"Mto unapeleka taka mbali"

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu tunalilipia sisi wenyewe. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Kadutu, hapa mjini, chupa za plastiki zinateremka na mifereji mpaka ziwani, na ziwa linazisukuma polepole kuelekea mlango wake. Haziendi mbali. Zinasimama kwenye bwawa la Mururu, zinaziba vyuma vya kuchujia maji, mtambo unazimwa, na jioni mtaa mzima uko gizani ukilaumu kampuni ya umeme. Kuna vijana wanaozitoa kwa mikono, wengine wakipiga mbizi katika maji hayo.

Asubuhi ile mtoto alikuwa na chupa tupu mkononi, na alitaka kuirusha ili aone nani anasema kweli, mimi au kijana wa pikipiki. Nikamchumia jani la mparachichi. Tukashuka kando ya maji, akalirusha. Lilizunguka mara mbili penye mawe, likanyooka, likashika njia ya kusini.