Beji ya Babu Si Dhahabu, Acheni Kuipiga Tupa

Nimechoka kuletewa beji zilizokwanguliwa mgongoni. Kijana anafungua kitambaa, ndani mna beji ya babu yake ya KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Mbele baragumu linaonekana vizuri kabisa. Naigeuza, nakuta mfereji wa tupa na doa la tindikali. Swali huwa ni lilelile: "Mzee, hii dhahabu yake ni ya kiwango gani?"

Si dhahabu. King's African Rifles liliundwa na Waingereza mwaka 1902, na beji za askari wake wa kawaida zilipigwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Ikisuguliwa kabla ya gwaride hung'aa manjano, na hiyo ndiyo kazi yake. Kinachotuponza ni uvumi wa mali za Mjerumani zilizofukiwa. Kweli, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo. Hizo ni sarafu. Haziwezi kugeuza kila kitu cha manjano cha enzi za ukoloni kuwa dhahabu.

Kama roho haitulii, kipo kipimo kisichoacha alama. Nenda kwa sonara, umwombe mzani tu. Pima beji, tuseme ina gramu 17. Kisha weka glasi ya maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri, uning'inize beji kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Ikiwa ni shaba, mzani utasoma kama gramu 2. Dhahabu safi ya uzito huohuo isingefika hata gramu 1. Ikaushe vizuri, umemaliza. Mgongo ndio ninaousoma mimi: pete za kushikizia, lehemu yake, alama za kuvaliwa miaka na miaka. Ukiupiga tupa umefuta ushahidi unaotenganisha ya kale na ya kuigiza, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Halafu thamani yenyewe haiko kwenye madini. Jeshi la Tanganyika Rifles lilizaliwa na uhuru mwaka 1961, likavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na Septemba mwaka huo likaja Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Beji za jeshi lililoishi muda mfupi namna hiyo ni chache, na ndiyo maana wakusanyaji wanazitafuta. Kwa upande mwingine, Waingereza walitoa beji ya fedha halisi kuanzia mwaka 1916 kwa wanajeshi wao walioachishwa kazi kwa majeraha au maradhi. Ilitolewa zaidi ya milioni 1, kwa hiyo fedha yake haiifanyi adimu. Utamu wake uko nyuma: kila moja ina namba, na kwa namba hiyo unaweza kumpata mwenyewe kwenye orodha za jeshi.

"Niliing'arisha ili ipendeze." Basi. Dawa ya kung'arishia vyombo hula ncha za maandishi, na ile rangi ya kahawia uliyoiondoa ilichukua miongo kujijenga. Vumbi litoe kwa brashi laini.

"Ina jina la kiwanda, basi ni halisi." Hapana. Jina kama J.R. Gaunt la Birmingham huigizwa, na kalibu za zamani zimetumika tena kupiga beji mpya. Jina ni mwanzo tu wa uchunguzi.

"Ya plastiki ni ya kuchezea." Msiitupe! Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walibana matumizi ya madini, wakatengeneza beji za kofia za plastiki. Zilivunjika kirahisi, na nzima ni furaha kuiona.

Nawasihi kitu kimoja, hata kama hamtauza kamwe. Kabla mzee hajasahau, muulizeni alikuwa kikosi namba ngapi, alipewa beji wapi, aliivaa mpaka lini. Andikeni kwa penseli pamoja na jina lake kamili, muweke vyote kwenye bahasha moja ya karatasi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC huacha utomvu unaokula shaba. Na mkija kwangu, njooni na bahasha nzima.