Kashe ya nje ya hipu, na kwa nini hipu bado inajaa

Hipu ni ile memori ambayo Java inaweka obijekti zote unazounda kwa new, kikomo chake unakiweka kwa -Xmx. Sasa ukiwa na kashe kubwa humo ndani (data unayoiweka karibu ili uipate haraka), gabeji kolekta, ile sehemu ya Java inayofagia obijekti zisizotumika, inabidi izipitie obijekti zilizo hai, na za kashe ziko hai muda wote, ndo maana programu inaanza kukwamakwama. Kashe ya nje ya hipu maana yake data unaigeuza kuwa baiti tupu, unaiweka kwenye memori ya kawaida ya mashine, mfano kwa ByteBuffer.allocateDirect inayokupa bafa, yaani kipande cha memori cha kuwekea baiti, na kolekta haina habari na kilichomo.

Ila wengi wakishahamisha wanashangaa mbona hipu haijashuka vile walivyotegemea. Kumbe kilichotoka ni data tu, funguo na pointa (anwani za kuonyesha data iko wapi) zimebaki palepale. Chukua rekodi milioni 10 kwenye HashMap, ile jedwali ya Java ya kutafuta data kwa ufunguo: nodi moja (kiungo cha rekodi moja) baiti 32, ufunguo wa aina ya Long baiti 24, na kama kila rekodi umeipa ByteBuffer yake mwenyewe, hiyo bafa na vikorokoro vyake vya kujisafisha vinavuka baiti 100. Piga hesabu, giga 1.5 hizo zimekaa ndani ya hipu na hata data yenyewe hatujaihesabu. Rekodi zikiwa ndogondogo, za baiti 200 hivi, nje umepeleka giga 2 tu, sasa umeokoa nini hapo?

Dawa yake usikate bafa kwa kila rekodi. Omba bloku chache kubwa (ByteBuffer moja haivuki giga 2), halafu ufunguo na data uviandike humo vikifuatana, ndani ya hipu ubaki na long[] (safu ya namba) inayosema rekodi inaanzia wapi. Kwa rekodi hizohizo, long[] yenye nafasi milioni 16.7 (zinazidi rekodi ili zisibanane) inakula kama mega 134, basi. Chronicle Map, maktaba ya Java ya kashe za nje, yenyewe inapeleka hadi indeksi nje.

Bure haipo lakini, kila ukisoma unazigeuza baiti kuwa obijekti upya, so kitu kinachoombwa kila sekunde kiache tu ndani. Na usipoweka -XX:MaxDirectMemorySize, Java inaruhusu bafa za nje zifike saizi sawa na -Xmx, yaani kontena la giga 4 lenye -Xmx3g linaweza kuuawa na kerneli (kiini cha mfumo wa mashine) kwa kuvuka memori liliyopewa, huku grafu ya hipu inaonyesha mambo shwari kabisa.