Raha ya Filamu ya Wizi Si Mpango Usiokosea

Hapa Lamu, ukikaa barazani na watu waliotoka kutazama filamu ya wizi, utasikia sifa ile ile: "Jamaa wana akili, mpango haukwenda kombo hata kidogo." Wengi huamini utamu wote uko hapo. Si kweli, na shahidi wangu ni filamu ya The Hot Rock ya mwongozaji Peter Yates, ya mwaka 1972, ambayo haitajwi inavyostahili.

Robert Redford ni Dortmunder, katoka jela juzi tu. Anakodiwa aibe almasi katika jumba la makumbusho la Brooklyn, New York. Anayeitaka ni mwanadiplomasia wa Kiafrika anayesema jiwe ni la watu wake. (Mtazamaji wa pwani hii ashachagua upande.) Wanaipata, lakini mwenzao mmoja ananaswa ndani ya kasha la kioo, na kabla walinzi hawajamfikia, anaimeza. Sasa lazima wamtoe gerezani. Wakishamtoa, anawaambia aliificha kituo cha polisi. Wanakivamia kwa helikopta! Haipo.

Hapo ndipo watu hucheka na kusogea karibu na skrini. Mpango ukinyooka, mtazamaji hana kazi ila kustaajabu. Ukivurugika, anaanza kupanga nao, na kuwalaani kidogo. Mtazame Redford kila habari mbaya inapofika: anachoka tu, kama fundi aliyeambiwa injini ya boti imezima tena.

Mwanzo wa filamu ni wa taratibu. Vumilia mpaka wafike kwenye kasha la kioo.