Mpanda farasi hodari hawezi kufundisha? Mtazame Fred Winter

Wapenzi wa mbio za farasi wamezoea kusema kwamba mpanda farasi hodari hawi mkufunzi hodari wa farasi. Si kweli, na Fred Winter wa Uingereza anatosha kuwa ushahidi. Katika mbio za kuruka viunzi alikuwa bingwa wa wapandaji mara 4. Mwaka 1962, jijini Paris, lijamu ya farasi wake Mandarin, yaani kifaa cha mdomoni cha kumwongozea farasi, ilikatika mapema katika mbio. Akamwongoza kwa miguu na uzito wa mwili hadi wakashinda. Kumsoma farasi namna ile ndiyo kazi yenyewe ya mkufunzi. Alistaafu upandaji mwaka 1964, akafungua banda la kufundishia farasi katika kijiji cha Lambourn, Uingereza. Farasi wake walitwaa Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi za Uingereza, mwaka 1965, tena 1966, naye akawa mkufunzi bingwa mara 8.