Meli Inayogonga Chini ya Bahari ya Lamu

Meli ya utafiti ikionekana mbele ya Lamu, swali hunikuta hata sijashuka gatini: "Mwalimu, wameiona gesi?" Mimi hujibu kwamba meli ile haioni gesi. Inasikiliza mawe.

Fundi wa nyumba za mawe hapa Amu hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ametega sikio. Chokaa ikiwa imeachana na jiwe, mlio hubadilika, naye hutia alama ya mkaa. Meli hufanya vivyo hivyo. Hukokota mitungi inayofyatua hewa iliyoshindiliwa, mlio mmoja kila baada ya sekunde kadhaa, pamoja na nyaya za vinasa sauti zinazoweza kufika kilomita 6 au zaidi. Majini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde. Basi penye kina cha mita 1,500, mwangwi wa sakafu ya bahari hurudi baada ya sekunde 2. Sauti iliyobaki huzama ndani ya ardhi, na kila tabaka hurudisha mwangwi wake. Miangwi hiyo hupangwa kwa kompyuta, kazi ya miezi, mpaka ipatikane picha ya miamba.

Humo tunatafuta mtego: mwamba wa mchanga wenye vitundu, umevimba mfano wa kawa juu ya sinia, umefunikwa na tabaka la udongo mgumu lisilopitisha gesi. Gesi ikiwamo kwenye mchanga huo, sauti hupunguza mwendo na mwangwi hurudi kwa kishindo. Kwenye picha hutokea doa linalong'aa.

Doa hilo limewaponza wengi, wataalamu wakiwamo. Gesi haba, asilimia chache tu ya nafasi iliyomo mwambani, yaweza kung'aa karibu sawa na hazina kubwa. Kiasi halisi hujulikana kwa kuchimba kisima. Na sisi tumeshachimba: Pomboo-1, mwaka 2007, kilitoka kitupu, Mbawa-1, mwaka 2012, kilikuta gesi kweli, lakini haikutosha kwa biashara. Ndiyo maana huniuma kusikia mtu ameuza shamba, au amekopa kulinunua, kwa kuwa meli imepita. Hata penye gesi ya kutosha safari ni ndefu. Ile ya Songo Songo, Tanzania, iligunduliwa 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004.

Lililo karibu nasi zaidi ni uvuvi. Meli hizi hupenda bahari iliyotulia, na utulivu huo ndio unaowapeleka mbali wavuvi wa Kizingitini na Faza. Waya wa kilomita 6 haukati kona ghafla kukwepa nyavu. Kwa hiyo tarehe na njia ya meli zitangazwe kwao mapema, kwa lugha yao, kabla nyavu hazijatiwa. Wavuvi nao wawaulize wenye meli kama milio itaanza midogo na kupanda polepole, ili nyangumi na kasa wapate nafasi ya kuondoka.