Mateka ana namba, mpagazi hana jina

Wanaonijia kutafuta jamaa zao waliopotea vitani karibu wote huanza hivi: "Babu yake babu alichukuliwa na Wazungu kubeba mizigo, hakurudi." Nami huuliza kwanza: alichukuliwa kama askari au kama mpagazi? Hapo ndipo ninapojua kama kazi itakuwa ya wiki moja au ya miaka.

Askari aliyekamatwa, yaani mateka wa vita, ni rahisi kumfuatilia kuliko watu wanavyodhani. Nyumbani hawamwoni, lakini aliyemkamata analazimika kumwandika. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamtaka mateka ataje mambo manne tu: jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Taarifa hizo hupelekwa Geneva, kisha kwa nchi yake. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya mkataba. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ofisi ya Msalaba Mwekundu pale Geneva ilijaza kadi zipatazo milioni 7 kwa ajili ya mateka wapatao milioni 2.

Tazama Waitaliano walioletwa Kenya baada ya kushindwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941. Kanisa dogo walilojenga kando ya barabara ya Mai Mahiu bado lipo. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe! (Kisa hiki ningekisimulia kutwa.) Mkubwa wao, Duke wa Aosta (mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia), alifia Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka, na kaburi lake liko Nyeri, linajulikana hadi leo.

Sasa rudi nyuma, 1914 hadi 1918, vita vya Waingereza na Wajerumani katika ardhi yetu. Malori hayakuweza kupita porini, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda kwa vichwa vya watu. Upande wa Waingereza, hesabu rasmi inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi zaidi ya hapo. Risasi iliua wachache. Waliowamaliza ni kuhara, malaria, nimonia na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimetokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Majina yao je? Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe sawa na mwenzake. Huku kwetu kanuni hiyo haikufuatwa. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi kuwa pori, na badala ya orodha ya majina zikasimamishwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayepigana kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halimo. Kila nikipita pale barabara ya Samora, ilipo sanamu ya Dar es Salaam, hunikera.

Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo, rejesta zilizodhaniwa zimeteketezwa zimeonekana katika hifadhi za jeshi la Kenya, na majina zaidi ya 3,000 yamepatikana.

Kwa hiyo ukija kwangu, usije na "Juma" peke yake. Njoo na jina la baba yake, kijiji, na hasa jina la chifu au jumbe wa wakati ule, maana karani alimwandika mtu chini ya jumbe wake. Tena yaseme majina hayo kwa matamshi ya kwenu. Karani aliandika alivyosikia, nami nitalazimika kusikia kama yeye.